Waya Umefika Lubumbashi, Kasapa Bado Inanunua Mega

Mwaka 2009 jarida la Environmental Research lilitoa makala ya Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Ubelgiji. Walikuwa wamepima mkojo wa wakazi wa Katanga ya kusini, wakubwa kwa watoto, hasa wale wanaoishi jirani na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini. Kiasi cha kobalti walichokikuta kilizidi chochote kilichowahi kuandikwa duniani kwa raia wa kawaida, watu wasioajiriwa kiwandani. Mwaka 2018 Banza na wenzake wakatoa makala nyingine katika Nature Sustainability, safari hii juu ya mtaa wa Kasulo, Kolwezi, ambako watu walichimba kobalti hadi chini ya nyumba walizolala. Mwaka 2020 ikafuata nyingine katika The Lancet Planetary Health, juu ya watoto waliozaliwa Lubumbashi na kasoro za maumbile. Ilionyesha kwamba hatari huongezeka sana pale baba anapofanya kazi inayohusiana na madini.

Ni nadra kwa mji wa Kiafrika kuchunguzwa kwa makini namna hii, tena na wana wake wenyewe. Mkojo ulitoka huku, watoto walizaliwa huku, na profesa alitoka chuo cha huku. Sasa mchukue mwanafunzi wa afya ya umma anayeandika kazi yake ya mwisho kuhusu komini ya Ruashi, ambayo imepakana na mgodi. Makala ya 2020 imewekwa wazi kwa kila msomaji. Ile ya 2009 inauzwa, na bei ya kuisoma inatosha kulisha familia kwa siku kadhaa.

Kwa hilo dawa ilishapatikana. Januari 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa walianzisha HINARI, mpango unaozifungulia nchi maskini maelfu ya majarida ya tiba. Kongo imo katika kundi la nchi zisizolipa chochote. Chuo kinajiandikisha, maktaba inapewa neno la siri, na mwanafunzi anasoma. Makala ni bure, ila kuifikia kuna nauli yake, na nauli hiyo inatoka katika mfuko wa mwanafunzi.

Fika Kasapa, kwenye kampasi ya chuo, jua linapozama. Chini ya mwavuli kando ya barabara kuna kabini, meza ndogo yenye simu tatu, na mwenye meza anauza yuniti za kila mtandao. Mwanafunzi ananunua mega za usiku, yaani data ya intaneti, kwa sababu ni za bei nafuu, anawasha simu, na wenzake watatu wanajiunga kwake. Faili lenyewe la makala halizidi mega mbili au tatu. Lakini kabla ya kulifikia, ukurasa wa jarida unafungua picha, matangazo na maagizo ambayo hakuna aliyeyaomba, na simu nayo inachukua nafasi hiyo kupakua matoleo mapya ya programu zake. Mara nyingi mega zinakwisha makala haijafunguka. Likipatikana, faili linapita kutoka simu hadi simu kwa WhatsApp, na jedwali lenye safu kumi na mbili linasomwa kwenye kioo cha upana wa kiganja, kidole kikilisukuma kushoto na kulia. Vijana wanaosoma hivyo hadi usiku wa manane wanastahili heshima, na wanastahili pia kuondolewa adha hiyo.

Tume ya Umoja wa Mataifa ya intaneti ya kasi iliweka lengo mwaka 2018: ifikapo 2025, kifurushi cha mwanzo kisizidi asilimia 2 ya pato la mtu kwa mwezi. Pato la Mkongo wa wastani ni kama dola 600 kwa mwaka, yaani dola 50 kwa mwezi. Asilimia 2 ya hapo ni dola moja. Mtu yeyote aliyewahi kusimama mbele ya kabini Lubumbashi anajua dola moja inampa siku ngapi.

Na serikali, badala ya kupunguza mzigo, iliwahi kuuongeza. Septemba 2020 ilianza kukata ada iliyoitwa RAM kwa ajili ya kuandikisha simu: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya kizazi cha pili, dola 7 kwa simu ya kizazi cha tatu au cha nne. Fedha zilikatwa moja kwa moja kwenye yuniti. Ulikuwa unaweka salio, ukigeuka limepungua. Waliokatwa zaidi ni wale waliokuwa na simu inayoweza kusomea. Watu walilalamika, wabunge wakahoji, na mapema mwaka 2022 ada ikafutwa. Ilikuwa imeshaanza kukatwa katika mwaka uleule ambao vyuo vilifungwa kuanzia Machi hadi Agosti kwa sababu ya korona, na wanafunzi wakaambiwa wasomee nyumbani.

Wanunuzi wa unga wa Lubumbashi wanaijua hesabu ya meka. Asiye na fedha ya gunia ananunua kwa kopo, meka moja leo na moja kesho, na mwezi ukiisha amelipa zaidi kuliko jirani aliyeweka gunia ndani. Mwanafunzi ananunua intaneti kwa meka, na vyuo vyenyewe vimefanya hivyo kwa miaka mingi. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2004 katika vyuo vya Afrika uligundua kwamba chuo cha wastani kilikuwa na uwezo wa intaneti sawa na wa nyumba moja ya Ulaya, na kiliulipia uwezo huo mara hamsini zaidi ya vyuo vya kwingineko. Kila chuo kilikwenda dukani peke yake, na kila kimoja kiliuziwa kwa kopo.

Ninachokililia katika makala hii ni gunia. Lubumbashi haihitaji tena kungoja waya, maana waya upo. Vyuo vyake vinakosa chombo cha kununua pamoja, kuvuta pamoja na kugawana ndani kwa ndani. Majirani zetu wanakiita mtandao wa elimu na utafiti, na karibu wote wameshakijenga.

Mji huu tangu uzaliwe umefikiwa kutoka kusini. Reli iliyofika Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa, mwaka 1910 ilitoka Rhodesia, ikipita Ndola na Sakania, na kwa miaka shaba ya Katanga ilitokea baharini kwenye bandari za nchi za watu. Wabelgiji hawakupenda. Wakajenga njia ya kitaifa, reli hadi Port-Francqui ambayo leo ni Ilebo, kisha meli mtoni hadi Kinshasa, kisha reli tena hadi Matadi. Ilikamilika mwaka 1928. Kila tani ilipakiwa na kupakuliwa mara kadhaa ili isitoke nje ya mipaka ya koloni. Tangu hapo kila mawasiliano ya Lubumbashi yanabeba swali hilohilo: tupite njia fupi kwa jirani, au njia ndefu kwetu?

Kwa upande wa simu, Zaire iliwahi kuwa mbele. Miko Rwayitare alianzisha Telecel katika miaka ya 1980, na nchi ikawa miongoni mwa za kwanza barani kuwa na simu ya mkononi. Lakini simu ile ilikuwa ya mawaziri na matajiri. Mtu wa komini ya Kamalondo au Katuba aliyetaka kuzungumza na ndugu yake Kinshasa alikwenda kwenye fonia, ofisi yenye redio ya mawimbi mafupi, akapanga foleni, kisha akaeleza habari za msiba au za mahari huku chumba kizima kikimsikiliza.

Chuo nacho kilipata pigo lake. Kilifunguliwa mwaka 1956, mwaka 1971 kikaingizwa katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na kitivo cha fasihi cha nchi nzima kikawekwa hapa. Mwanafalsafa Valentin Mudimbe alifundisha hapa, naye mwanaanthropolojia Johannes Fabian pia. Usiku wa Mei 11 kuamkia Mei 12, mwaka 1990, kampasi ilivamiwa na wanafunzi wakauawa. Idadi yao inabishaniwa hadi leo. Ubelgiji ikasimamisha ushirikiano wake na Zaire, na pamoja nao ikakatika njia kuu ya vitabu, majarida, wageni wa kufundisha na nafasi za masomo. Mwaka 1991 uporaji ukaikumba nchi. Kisha yakaja mafukuzo ya Wakasai kutoka Katanga, na kati yao walikuwamo walimu na wanafunzi.

Tazama jirani alikuwa wapi katika miaka hiyohiyo. Mwaka 1991, wataalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Zambia, Lusaka, walikuwa wakituma baruapepe kwa simu ya kawaida kupitia Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Barua zilikusanywa mchana, kompyuta ikapiga simu, ikazimwaga zote kwa mkupuo na kuchukua zilizokuja. Miongoni mwa kazi za mwanzo ilikuwa kuwapa madaktari wa hospitali za mbali mahali pa kuuliza. Mwaka 1994 chuo hicho kikaunda kampuni, ZAMNET, na Zambia ikaingia kwenye intaneti kamili, miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kusini mwa Sahara ukiacha Afrika Kusini. Intaneti ya Zambia ilizaliwa chuoni. Mpaka wa Kasumbalesa uko chini ya kilomita mia moja kutoka Lubumbashi, na upande wetu wa mpaka huo chuo kilikuwa kinazika na kuhesabu waliobaki.

Nayakumbusha haya kwa sababu ninasikia mara nyingi kwamba Kongo imechelewa kwa uvivu au kwa kukosa wataalamu. Wataalamu walikuwapo. Walikatiwa njia katika miaka ileile ambayo wenzao walikuwa wakiifungua.

Kwa miaka mingi baadaye, intaneti ya Lubumbashi ilitoka angani. Setilaiti za wakati ule zinakaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Neno linapanda, linashuka Ulaya, jibu linapanda tena na kushuka, na nusu sekunde imepita kabla herufi ya kwanza haijaonekana. Wazee wa mji wanaikumbuka saiba ya miaka ya 2000: viti vya plastiki, kompyuta zilizojaa vumbi jekundu, saa inayohesabu dakika kwenye kona ya kioo, na mtu anayeandika barua yake yote kwenye karatasi kabla ya kuketi.

Kongo ina pwani isiyofika kilomita 50. Waya wa baharini uitwao WACS, unaopita Afrika Magharibi, ulianza kazi Muanda mwaka 2013, na kutoka hapo waya wa nchi kavu ukaanza kupanda kuelekea Kinshasa na ndani ya nchi. Upande wa Bahari ya Hindi ulikuwa umetangulia: SEACOM ilifika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010. Chukua ramani upime kwa mstari ulionyooka. Lubumbashi hadi Muanda ni karibu kilomita 1,800. Lubumbashi hadi Dar es Salaam ni karibu 1,400. Hata Kinshasa, mji mkuu wetu, iko mbali nasi kuliko Dar.

Ndiyo maana waya wa maana kwa Katanga ulikuja, kama reli, kutoka kusini. Katika Copperbelt ya Zambia nguzo za umeme zinazolisha migodi zinabeba pia nyuzi za kioo za mawasiliano, na mgodi ndiye mteja wa kwanza wa yote mawili. Kampuni ya Liquid iliivusha njia yake hadi Kongo, na mwaka 2021 ilitangaza pamoja na Facebook mpango wa kujenga karibu kilomita 2,000 za waya ndani ya nchi, ili Atlantiki na Bahari ya Hindi ziunganishwe kwa kupitia Kongo.

Hapo ninapata wasiwasi. Tangu mwaka 1982 laini ya umeme ya kilomita 1,700 inatoka bwawa la Inga hadi Kolwezi. Inabeba umeme wa migodi, na inapita juu ya vijiji vilivyokaa gizani tangu ilipojengwa hadi leo, kwa kuwa umeme wa namna ile hauwezi kushushwa njiani bila kituo cha gharama kubwa. Waya wa intaneti hauna kikwazo hicho. Unaweza kuushusha popote kwa gharama ndogo. Usiposhushwa Kasapa, basi kuna mtu ameamua hivyo, au hakuna aliyekwenda kuuomba.

Kuna hatua ambayo haikupigiwa ngoma nayo ni kubwa. Zamani ujumbe kutoka chuoni kwenda Hospitali ya Sendwe, ndani ya mji mmoja, uliweza kusafiri hadi Ulaya na kurudi, kwa sababu tu chuo kina kampuni yake na hospitali ina yake, na kampuni hizo hazikuwa na mahali pa kukutana karibu. Fedha za kigeni zililipwa ili barua ya Lubumbashi ifike Lubumbashi. Chama cha watoa huduma za intaneti nchini, ISPA-DRC, kilifungua makutano ya Kinshasa, KINIX, mwaka 2012. Baadaye Lubumbashi ikapata ya kwake, LUBIX, na Goma ikapata GOMIX. Makutano haya ni kabati la mashine, kiyoyozi na betri ndani ya chumba kimoja, na kampuni zinazokubali kubadilishana mizigo hapo bila kulipana. Chuo kikuu kikifika kwenye kabati hilo kwa waya wake, hospitali, Shule ya Juu ya Informatiki ya Salama, Don Bosco na Chuo cha Kiprotestanti vikifika pia, somo, picha ya eksirei na kitabu vitazunguka mjini bila kutumia hata mega moja ya ng'ambo.

Majirani walianza kwa kukaa mezani. Kenya iliunda KENET mwaka 1999. Wakuu wa vyuo vya Uganda waliunda RENU mwaka 2006. Zambia ina ZAMREN, Tanzania ina TERNET. Mitandao mitano, ya Kenya, Malawi, Msumbiji, Rwanda na Afrika Kusini, ilianzisha UbuntuNet Alliance katikati ya miaka ya 2000, ofisi yake ikawekwa Lilongwe. Mwaka 2011 Umoja wa Ulaya ukaingia na mradi wa AfricaConnect: Ulaya ikatoa asilimia 80 ya fedha, Waafrika wakatoa 20, na waya ukatandazwa kutoka nchi hadi nchi na kuunganishwa na mtandao wa utafiti wa Ulaya. Leo mwanafunzi wa Kampala anafungua kompyuta yake katika chuo kingine cha Kampala, au Nairobi, na inaunganika yenyewe kwa jina na neno la siri la chuo chake, bila kuomba ruhusa kwa mtu. Huduma hiyo inaitwa eduroam.

Kongo nayo ina chombo chake, Eb@le. Kilianzia kwa vyuo vya Kinshasa, kwa msaada wa vyuo vya Flanders kupitia VLIR-UOS, na kimo katika orodha ya wanachama wa UbuntuNet. Kwa hiyo jina tunalo, na uanachama tunao. Lakini chombo kilichozaliwa kwa msaada kinapaswa siku moja kuwa na kifungu chake katika bajeti ya wizara na michango ya vyuo wanachama, la sivyo kinaishi mradi hadi mradi. Tena nchi yenye ukubwa wa Ulaya Magharibi haiwezi kuhudumiwa na mlango mmoja ulioko Kinshasa. Nasema wazi: Lubumbashi ijiunge kwa kupitia Kitwe na Lusaka, Bukavu na Goma kwa kupitia Kigali, na Kinshasa kwa kupitia Muanda, kisha milango hiyo iunganishwe ndani kadiri waya wa taifa unavyokomaa. Chuo Kikuu cha Copperbelt kiko Kitwe, safari ya siku moja kwa gari hata ukihesabu foleni ya malori Kasumbalesa. Ukoloni ulitumia fedha nyingi kuikwepa njia ya jirani. Hatuna sababu ya kurithi kiburi hicho.

Tukifika getini, hapo ndipo kazi inapoanza, na wafadhili wengi huondoka hapo baada ya kukata utepe. Waya unaoishia katika ofisi ya rekta haujafika chuoni. Unatakiwa uende kila kitivo, kila bweni, kila ukumbi wa mihadhara, na kila kituo chake kiwe na betri, maana umeme wa shirika la SNEL ukikatika katikati ya somo vifaa vyote vinazimika pamoja, na vingine haviwaki tena. Anatakiwa mtu anayejua kwamba kompyuta mia moja zisipakue kila moja peke yake toleo lilelile la programu kutoka Marekani. Mashine moja ipakue usiku, mia zichote kwake asubuhi. Anatakiwa mtu wa kuona ni kompyuta ipi imeambukizwa virusi na inamwaga barua taka kwa niaba ya chuo. Wasalesiani wa Salama wanafundisha vijana wa kazi hizi hapahapa mjini. Wengi wao huajiriwa na benki na migodi kabla chuo hakijaandika barua ya kuwaita, na mshahara ndio unaowachukua. Chuo kikitaka kubaki nao, kiwalipe kama kinavyolazimika kumlipa fundi wa maji.

Kuna jambo jingine ambalo walimu hawapendi lisemwe, nami nalisema kwa kuwaheshimu. Sehemu ya kipato cha mwalimu wa Kongo ni sillabusi, daftari la somo lililopigwa chapa ambalo mwanafunzi analazimika kulinunua. Mshahara ukichelewa, sillabusi ndiyo inayopeleka watoto wa mwalimu shule. Mtandao mzuri unaligeuza daftari hilo kuwa faili la bure, na mwalimu aliyeliandika upya kila mwaka anapoteza sawa na yule ambaye hakuligusa kwa miaka ishirini. Anayepanga kuleta intaneti vyuoni bila kupanga malipo ya mwalimu atapingwa, na atapingwa kwa haki.

Tusijidanganye pia kwamba waya peke yake unatosha. Desemba 31, 2018, siku moja baada ya uchaguzi wa rais, intaneti ilikatwa nchi nzima. Ilirudi baada ya kama siku ishirini. Benki zilikwama, biashara zikakwama, watafiti wakashindwa kuwaandikia wenzao wa nje. Ilikuwa imekatwa pia Januari 2015. Sheria mpya ya mawasiliano ya Novemba 25, 2020 ilikuja kuchukua nafasi ya ile ya 2002, na ndani yake umo mfuko wa huduma kwa wote, ambao kampuni za simu zinauchangia ili maeneo yasiyo na faida yafikiwe. Ningependa kuona mfuko huo ukitaja shule na vyuo kwa majina, na ningependa kuona sheria ikisema kwamba mtandao wa hospitali na wa vyuo haukatwi kwa sababu ya siasa ya wiki moja.

Wako wanaosema Starlink, intaneti ya setilaiti, itamaliza yote. Mamlaka ya mawasiliano, ARPTC, iliipiga marufuku Machi 2024, ikaipa leseni Mei 2025. Setilaiti hizo ziko karibu kilomita 550 tu juu yetu, kwa hiyo ule ucheleweshaji wa zamani haupo. Kwa kituo cha afya cha Pweto au shule ya Mitwaba ni neema, na wapewe leo. Kwa Kasapa, yenye maelfu ya wanafunzi waliobanana mahali pamoja, sahani za paa zitagawana anga moja na zitachoka. Isitoshe, sahani haikupi makutano na hospitali, haikupi eduroam, haikufundishi fundi. Inakurudisha kwenye kununua peke yako.

Fedha iko wapi? Jibu linapita mbele yetu kila siku kwenye malori ya Kasumbalesa. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, na karibu yote inatoka Haut-Katanga na Lualaba. Sheria ya madini ya Machi 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa mamlaka ya mahali mgodi ulipo, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hapo, kila kampuni inatenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi. Kampuni inayouza shaba na kobalti ya dola bilioni moja kwa mwaka inatakiwa kutenga dola milioni 3. Hizo za jamii ziende kwenye maendeleo ya jamii, kama sheria inavyotaka. Lakini ile asilimia 25 ya mkoa wa Haut-Katanga inaamuliwa hapahapa Lubumbashi. Gharama ya kuvuta waya kutoka katikati ya mji hadi Kasapa, kuutandaza ndani ya kampasi na kuuwekea betri, ni ndogo mno mbele ya fedha hizo. Na mfuko wa vizazi vijavyo umeitwa hivyo kwa sababu gani, kama hautawafikia vijana walioko darasani sasa?

Kufikia hapa nimezungumza juu ya vinavyoingia. Kwangu mimi vinavyotoka ni vizito zaidi. Kiswahili cha Lubumbashi kiliingia kwenye intaneti mapema kupitia Amsterdam, kwa kazi ya Johannes Fabian na Vincent de Rooij, waliounda hifadhi ya maandiko ya Kiswahili cha watu wa kawaida. Humo mna historia ya Élisabethville iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965, mtu aliyekuwa mtumishi wa nyumbani, kwa Kiswahili cha mji kama alivyokisema. Mna pia mazungumzo ya Fabian na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, yaliyorekodiwa hapa katika miaka ya 1970, mchoraji akieleza historia ya Zaire picha baada ya picha. Fabian na de Rooij walifanya wema mkubwa kuyaweka wazi. Hata hivyo mwanafunzi wa Kasapa anayetaka kumsikia mzee wa mtaani kwake anavuta kutoka Uholanzi, kwa mega za usiku, na chuo ambacho Fabian alifundisha kinaweza kuomba nakala na kuiweka nyumbani.

Na kuna zile zisizo mahali popote. Kila mwaka wanafunzi wa mji huu wanawasilisha kazi zao za kumaliza masomo, TFC na memwari: visima vya Kampemba, lishe ya watoto Katuba, bei za mahindi yanayotoka Zambia, udongo wa kando ya mto Lubumbashi. Nyingine ni dhaifu. Nyingine zina vipimo ambavyo hakuna mtu mwingine aliyewahi kuvichukua, wala hataweza kuvichukua tena, kwa kuwa mahali penyewe pamekwisha chimbwa. Zinafungwa jalada gumu, nakala moja maktaba, moja kitivoni, moja kwa mwalimu, kisha mvua za Januari na mchwa vinafanya kazi yao. Mtafiti wa Leuven au Kitwe hawezi kuzitaja kwa kuwa hajui kama zipo, na mwanafunzi wa mwaka unaofuata anarudia kipimo kilekile kwa fedha zake.

Kuziskani hakungoji Kinshasa wala Ulaya. Skana moja, diski mbili zinazowekwa majengo tofauti, na wanafunzi wachache wanaolipwa kwa ukurasa, vinatosha kuanza mwaka huu na kazi za tiba, jiolojia na kilimo, ili siku waya wa Kasapa utakapounganishwa na LUBIX kazi hizo ziwe tayari kusomwa Kitwe, Dar es Salaam na Leuven jioni hiyohiyo.